Uzi: Lenzi ya kwanza ya f/1.8 kwa kamera ya kropu. Kabla ya kununua 50mm, pima sebule

Mpiga Picha wa Sakina

Habari za jioni wakuu.

Wiki hii vijana wawili wamenipigia simu na swali lile lile, mmoja yuko Njiro, mwingine Pasua kule Moshi: "Kaka, nimedunduliza kidogo, nichukue 50mm?" Wote wana kamera ya kropu, yaani ile yenye sahani ndogo ya kupokea mwanga, na ile lenzi ya kuvuta ya 18-55 iliyokuja nayo kwenye boksi. Wote wanapiga send-off, kipaimara, ubatizo na shughuli za nyumbani. Nimeona niandike hapa mara moja ili wengine wakiuliza niwaelekeze huku.

Jibu langu: kama kazi zako nyingi ziko ndani ya nyumba, anza na 35mm au inayokaribia hapo (mm ikipungua, lenzi inaona upana zaidi). 50mm ije ya pili. Najua wengi watakwambia kinyume, maana 50mm ya f/1.8 ndiyo rahisi na ndiyo utakayoikuta dukani. Na mimi ndiyo niliyoanza nayo.

Niliinunua Novemba, nikaingia nayo msimu wa Desemba. Mnaijua Desemba ya Kilimanjaro, watu wamepanda kutoka Dar na kwingineko, kila kihamba kina shughuli. Nikaitwa Machame, mtoto kapata kipaimara. Mvua ikaanza wakati wa picha za ukoo, wote tukaingia sebuleni. Sebule ya kawaida: makochi pande tatu yenye vitambaa vya kufuma, meza katikati, kabati la vyombo ukutani. Bibi akakaa kwenye kochi, wajukuu kumi na mmoja wakajipanga, wengine nyuma yake, wengine miguuni. Nikarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga kabati, vikombe vikalia. Nikichungulia kwenye kamera namwona bibi na wajukuu wanne, basi. Nikatoka nje, nikapiga kutoka barazani kupitia mlangoni, nikapata saba na mbao za mlango pande zote mbili. Mwisho nikarudisha 18-55, nikapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 6400 kwa lile giza, wote wakaingia lakini picha ikatoka na chenga, punje punje kila mahali.

Yule bibi hayupo tena. Picha ile ndiyo waliyoikata na kuikuza kuweka mbele ya jeneza, kwa sababu ndiyo ya mwisho aliyocheka. Nilisimama pale msibani nikaitazama kwa ukubwa ule, chenga zimejaa mashavuni, na niliumia sana.

Kwa hiyo tuanze na vipimo. Sensa, yaani sahani inayopokea mwanga ndani ya kamera, kwenye fulu fremu ni milimita 36 kwa 24. Kwenye Canon za kropu ni 22.3 kwa 14.9. Nikon, Sony na Fuji ni kubwa kidogo, kama 23.5 kwa 15.6. Lenzi haibadiliki, 50mm inabaki 50mm, ila kamera inachukua kipande cha katikati tu cha kile ambacho lenzi inakiona. Ndiyo maana 50mm kwenye Canon ya kropu inabana kama 80mm kwenye fulu fremu, kwenye Nikon kama 75mm. 35mm inakuwa kama 56 au 52.

Sasa chukua upana wa unachotaka kukipiga, kwa mita. Zidisha kwa namba ya lenzi, gawanya kwa 22.3 kama una Canon, au 23.5 kwa hao wengine. Utakachopata ndizo mita za kurudi nyuma. Wale wajukuu walienea kama mita 2 na nusu. Kwa 50mm nilihitaji mita 5.6. Kwa 35mm, mita 4 hazifiki. Kwa 24mm, 2.7. Sebule ile ilikuwa na mita 4 na kitu, tena nimeshatoa kabati. Mtu mmoja aliyesimama, kichwa mpaka viatu na nafasi kidogo juu na chini, sema mita 2 ukiwa umeisimamisha kamera wima: 50mm inakutaka mita 4 na nusu, 35mm mita 3 na kidogo.

Nenda na futi kamba kwenye sebule za watu wako. Kweli kabisa, nenda nayo.

Na kwa nini tuhangaike na f/1.8? Namba ikipungua tundu la lenzi linapanuka. Kutoka f/5.6, ambayo ndiyo mwisho wa 18-55 ukivuta hadi mwisho, kwenda f/1.8, mwanga unaoingia ni karibu mara kumi. Hapo ISO 6400 inashuka hadi kama 640. Hiyo ndiyo tofauti ya uso wenye chenga na uso wenye ngozi.

Kijana wa Ngarenaro

Asante sana mkuu, pole kwa ya bibi. Mimi natumia Nikon D3200. Kuna jamaa mjini anauza 50mm f/1.8D iliyotumika, bei nzuri mno, nimemwambia nakuja kesho na hela. Baada ya kusoma hapa nimesita. Au niichukue tu kwa kuanzia?

Mpiga Picha wa Sakina

Mdogo wangu, kesho usiende. Tena hapa suala si sebule. Hiyo herufi D mwishoni ni lenzi ya mtindo wa zamani, haina mota ndani. Inategemea mota iliyo kwenye bodi ya kamera, ile inayozungusha kijiti kama bisibisi pale lenzi inapofungwa. D3200 yako haina mota hiyo, wala ndugu zake wote wa D3000 na D5000. Utalenga kwa mkono kila picha, na ukumbini watu hawasimami kukusubiri. D90 na za D7000 zinayo, mwenye hizo anaweza kuichukua bila shida, ni lenzi nzuri.

Kwako angalia herufi AF-S. Na wewe ndiye mwenye bahati kwenye uzi huu, kwa sababu Nikon walitengeneza 35mm f/1.8G ya DX, maalumu kwa kropu, tangu 2009. Gramu 200 tu, inalenga kitu kilicho sentimita 30, haina makelele. Kuna nyingi zilizotumika. Subiri hiyo.

Mama Studio Majengo

Kaka habari ya kazi. Niko Moshi, Majengo, nina Canon 700D. Asubuhi napiga pasipoti na picha za watoto hapa studio, Jumamosi natoka kwenye send-off na kitchen party. Maelezo yako nimeyaelewa, ila naona Nikon wamepewa 35 yao ya bei ya kueleweka. Sisi wa Canon je? Nikienda dukani napewa 50mm, au ile nyembamba kama biskuti ya 24mm f/2.8. Nishike ipi?

Mpiga Picha wa Sakina

Nzuri dada. Hapo umegusa penyewe, na ndipo nilipokwama mimi mwaka mzima. Canon hawakuwahi kutoa 35mm f/1.8 rahisi kwa ajili ya kamera zetu za kropu zenye kioo cha kuakisi ndani (DSLR). Kwa hiyo unachagua kati ya vitu ambavyo kila kimoja kina kasoro yake.

Biskuti, EF-S 24mm f/2.8 STM, naipenda. Gramu 125, inakaa kwenye mfuko wa koti, inalenga hadi sentimita 16, keki na pete unazipiga vizuri. Kwa sebule ndiyo inayoenea kuliko zote. Lakini usiinunue ukidhani umenunua lenzi ya gizani. 18-55 yako ukiiweka 24mm inafungua karibu f/4. Kwenda f/2.8 ni mwanga mara mbili tu. Ni nafuu, ila ukumbini saa tatu usiku bado utapandisha ISO.

Ipo EF 35mm f/2 ya zamani, ya 1990. Mota yake inalia kama kijichura, kwa video haifai, ila picha zake ni safi na kutoka f/4.5, ya 18-55 ukiiweka 35mm, hadi f/2 unapata mwanga mara tano. Inapatikana iliyotumika tu. Yongnuo wanayo 35mm f/2 mpya inayofanana nayo, na bei yake ni ya chini. Niliazima ya rafiki kwa kazi mbili. Kwenye mwanga inafanya kazi yake. Gizani ilikuwa inatafuta fokasi huku na huku mpaka bwana harusi amekwisha kulishwa keki. Kwa studio yako ya mchana ingetosha, kwa send-off nisingekushauri.

Juu yake ipo Sigma 30mm f/1.4, ile ya 2013 iliyotengenezwa kwa kropu. Nzito, gramu 435, bei imepanda, ila ukiifunga kwenye kropu ndiyo lenzi ya sebule na ukumbi kwa pamoja. Ndiyo ninayotumia sasa. Sikuinunua kwa mkupuo, nilipeleka kwenye kibubu sehemu ya kila bahasha kwa miezi saba.

Mimi kwa kazi ulizozitaja ningekuambia 35mm f/2 ya Canon iliyotumika sasa hivi, Sigma baadaye. Lakini kabla hujatoa hata shilingi fanya hili: chukua 18-55 yako, iweke 35, zungushia selotepu isisogee. Piga nayo shughuli mbili. Kisha iweke 50 upige nyingine mbili. Miguu yako itakuambia.

Mzee wa Filamu

Vijana, naomba nami nichangie. Nimeanza kazi hii pale karibu na Mnara wa Saa enzi za roli ya picha 36, filamu ya ASA 400 (ndiyo ISO yenu ya leo), huna pa kuangalia kama imetoka mpaka urudi kusafisha. Wakati ule 50mm ndiyo ilikuwa lenzi ya kila mtu, na fremu ya filamu ilikuwa 36 kwa 24, ndiyo hiyo mnayoiita fulu fremu. Kwa hiyo huyu kijana wa Sakina anachokisema ni kweli: anayetaka kuona kama tulivyoona sisi kwa 50, kwenye kropu ashike 35 au 30.

Ila msiidharau 50 kwenye kropu. Kuna watu mkate wao hauko sebuleni. Mahafali, maharusi bustanini, wasichana wanaotaka picha chini ya mijakaranda Oktoba na Novemba ikishachanua, hawa wote wako nje na nafasi ya kurudi nyuma ipo. Uso ukiupiga kwa karibu na lenzi pana, pua inakua na masikio yanarudi nyuma. Hilo linatokana na umbali uliosimama. 50 inakulazimisha usimame mbali kidogo, uso unatulia. Mama akiona picha ya binti yake imetulia hivyo, harudishi.

Mpiga Picha wa Sakina

Shikamoo mzee. Nimekubali na ningetaka wasomaji warudie maneno yako. Mwenye kazi za nje achukue 50mm bila kujiuliza. Canon f/1.8 STM ya 2015 ni bora kuliko ile iliyoitangulia: pete ya kufungia ni ya chuma badala ya plastiki, na inalenga hadi sentimita 35. 50mm yangu ninayo hadi leo na naitumia kila wiki. Nilichokosea ni kuifanya ya kwanza wakati kazi zangu zilikuwa ndani.

Kijana wa Ngarenaro

Marahaba nawaachia wazee, mimi natoa shikamoo tu mzee wangu. Swali jingine wakuu. Niliwahi kuazima 35mm f/1.8 nikaenda nayo kwenye send-off, nusu ya picha hazina fokasi. Ndafu inaingia, watu wanaicheza, mimi napiga tu. Nyumbani kwenye kompyuta naona pembe za mbuzi zimekaa sawa, mpishi aliyeibeba kafifia. Lenzi mbovu au mimi?

Mpiga Picha wa Sakina

Hiyo ni lenzi nzima, mdogo wangu. Tundu kubwa linaingiza mwanga mwingi lakini linapunguza kina cha sehemu inayoonekana safi. 50mm kwa f/1.8 ukiwa mita 2 kutoka kwa mtu, kina chote ni kama sentimita 11. Ukiwa mita 1, hazifiki 3, jicho moja safi na jingine limeanza kufifia. 35mm ukisimama palepale mita 2 inakupa kama sentimita 22, mara mbili. Hiyo nayo ni sababu ya kuipenda kwa shughuli zenye mwendo.

Ndafu ikiingia, kumbuka mbuzi yuko mbele na mpishi yuko nyuma yake karibu nusu mita. Wewe uliiachia kamera ichague, ikachagua cha mbele. Zima ile ya kuchagua yenyewe, tumia nukta ya katikati peke yake, ndiyo yenye nguvu kwenye kamera zetu ndogo. Iweke kwenye uso, tena kwenye jicho lililo karibu. Weka kamera kwenye kulenga mfululizo, kwa sababu yule mpishi anakujia. Na usikae f/1.8 kwa sababu tu ipo, nenda f/2.8, rudi hatua mbili. 35mm kwa f/2.8 ukiwa mita 5, kina kinazidi mita 2, ndafu, mpishi na wacheza ngoma wote wamo.

Shata, yaani muda kamera inapofunguka kupokea mwanga, isiwe ya polepole kuliko 1/125 ya sekunde watu wakicheza. Wapo wanaosema, "Lenzi yangu ina kizuia mtikisiko." Kizuia mtikisiko kinatuliza mikono yako wewe, hakimtulizi shangazi anayecheza.

Mzee wa Filamu

Ongezea jambo la taa. Kumbi za siku hizi zimejaa taa za LED za zambarau na bluu. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, taa nyingi za bei rahisi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni ila kamera inaona. Ukipanda 1/250 unakuta michirizi ya giza imelala katikati ya picha. Mkiiona, shukeni 1/100. Ni polepole kidogo kwa mchezaji, kwa hiyo msubiri pale anapogeuka, kuna nukta anasimama.

Mama Studio Majengo

Hilo la michirizi limenitesa tangu Pasaka nikadhani kamera imekufa! Mungu awabariki.

Nauliza pia, kwa nini tusitumie flashi tu? Mwenzangu ananiambia lenzi za f/1.8 ni mbwembwe, flashi inamaliza kila kitu.

Mpiga Picha wa Sakina

Flashi ninayo na kwenye picha za ukoo naitumia, nikiielekeza darini. Dari ikiwa nyeupe ya jipsamu, hakuna tatizo. Lakini nyumba nyingi za mlimani dari ni mbao iliyopakwa vanishi, mwanga unapanda mweupe na kushuka wa chungwa, nusu yake umemezwa. Na kanisani padri au mchungaji mwingine hataki flashi wakati wa ibada, ana haki yake. Lenzi inakusaidia pale ambapo flashi imekatazwa.

Kijana wa Ngarenaro

Nimepata mwenye 35mm f/1.8G iliyotumika, yuko Kijenge. Niangalie nini nikifika?

Mzee wa Filamu

Nenda mchana. Fungua kifuniko cha mbele na cha nyuma, washa tochi ya simu, ipitishe upande mmoja uchungulie upande wa pili kwa kuinamisha. Vumbi kidogo ndani si kitu, Arusha yote ni vumbi kiangazi. Unachotafuta ni nyuzi nyuzi nyeupe kama utando wa buibui mdogo. Hiyo ni fangasi. Inapenda lenzi zilizofungiwa kwenye begi lenye unyevu masika nzima, na inakula ule mpako wa kioo. Ukiiona, rudisha, hata kama anapunguza bei.

Kisha ifunge kwenye kamera yako mwenyewe. Weka chupa tatu za soda mezani, moja mbele, moja nyuma, ulenge ya katikati kwa f/1.8, kamera juu ya kitu kisichotikisika. Kuza picha usome lebo. Kama chupa iliyo safi ni ya mbele au ya nyuma kila mara, lenzi na kamera haziko pamoja, na D3200 haina sehemu ya kurekebisha hilo. Jaribu tena kwa kulenga kupitia skrini ya nyuma. Ikilenga sawa kwa skrini na kukosea kwa kuchungulia, ndiyo ugonjwa huo.

Kijana wa Ngarenaro

Nimerudi kutoka Kijenge. Chupa ya katikati imesomeka mara tano kati ya tano. Nimeichukua. Asanteni wakuu, mzee shikamoo tena.

Mama Studio Majengo

Natoa mrejesho, wiki tatu zimepita. Selotepu nilifunga kama kaka alivyosema. Kwenye 50, kitchen party ya kwanza ilifanyika sebuleni Soweto, nilishindwa kumpata bibi harusi mtarajiwa na somo wake kwenye fremu moja bila kupanda juu ya stuli. Ya pili ilikuwa kwenye turubai, afadhali. Kwenye 35 zote mbili sikupanda popote.

Nimepata EF 35mm f/2 ya zamani kutoka kwa mtu anayehama. Tochi nimepitisha, kioo safi. Inalia kweli, wateja wa pasipoti wanashtuka. Jumamosi nilikuwa Kibosho kwenye ubatizo, taa moja tu ya njano katikati ya sebule. Nilimpiga mama mkwe wa mwenye nyumba akiwa amempakata mtoto, f/2.2, 1/125, ISO 1600. Nimeisafisha jana ukubwa wa karatasi ya A4. Nyuzi za kitenge zinahesabika, na mikunjo ya mkono wake kwenye kichwa cha mtoto inaonekana yote. Amekuja kuichukua mwenyewe leo asubuhi kwa miguu, akaishika kwa kanga ili isichafuke.

Kaka wa Sakina, Jumatano nakuja Arusha kufuata karatasi. Nitapita na nakala uione.